Matatu, ardhi na saa moja ya njiani

Abiria wa matatu jijini Nairobi akipewa nusu saa hufikia asilimia 4 tu ya ajira za jiji. Akipewa saa nzima, asilimia 20. Takwimu hizi za Benki ya Dunia, zilizochapishwa mwaka 2017, zinaeleza hali ya biashara ya usafiri vizuri zaidi kuliko hesabu yoyote ya magari yaliyosajiliwa, kwa sababu nauli hulipwa ili kufika, si kupanda gari tu.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1959 msomi wa Marekani, Walter Hansen, aliwashauri wapangaji miji wahesabu kazi na huduma anazoweza kuzifikia mkazi, zile za mbali zikipewa uzito mdogo. Alionyesha kwamba panapofikika kwa urahisi ndipo ujenzi hukimbilia.

Barabara ya Thika ni ushahidi. Upanuzi wake ulikamilika mwaka 2012, na maghorofa ya kupanga yakazidi kuota Roysambu, Zimmerman na Githurai. Ajira hazikuwafuata wapangaji kwa kasi hiyo. Basi asubuhi matatu huingia mjini imejaa na kurudi mtaani karibu tupu. Nauli ya anayekwenda ndiyo inayolipia mafuta ya kurudi. Mwenye gari naye anasubiri hesabu yake ya siku, dereva na kondakta wakigawana kinachobaki. Kwa mpango huo, kungoja gari lijae, kupandisha nauli mvua ikinyesha na kuzikwepa njia zenye abiria wachache ni mambo ya kutarajiwa. Kuwakemea wahudumu hakutayamaliza.

Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, uliowakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT na Columbia, ulitoa ramani ya njia zaidi ya 130, data yake ikiwa imekusanywa kwa simu za mkononi ndani ya magari. Ukiitazama, njia nyingi zinakutana katikati ya mji. Mkazi wa Kasarani mwenye kibarua Kawangware hupitia mjini na kulipa nauli mbili. Anayelala Mukuru hutembea hadi Eneo la Viwanda: ukaribu huo ameununua kwa kukubali chumba cha mabati.

Utafiti ninaoona umepuuzwa mno ni wa Paolo Avner na Somik Lall, wa mwaka 2016. Walihamisha kwenye kompyuta makazi na ajira za Nairobi, bila kuongeza nyumba wala barabara hata moja. Vilipokusanywa pamoja zaidi, sehemu ya ajira zinazofikika kwa muda uleule iliongezeka. Hata hivyo, mwaka 2022 jiji lilipata barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kuweka karakana, ofisi na masoko karibu na steji za Githurai na Kasarani kungehitaji ramani ya matumizi ya ardhi na vibali vya ujenzi kuliko barabara mpya, na hivyo viko mikononi mwa kaunti.