Uzi wa wenyewe: tuupime mbele ya kuufuma

Kazi ya kufuma triko inasaidia nyumba nyingi hapa Baraka na Fizi. Uzi wa sokoni tumeuzoea: tunajua sindano yake na jinsi unavyofuliwa. Lakini mara nyingine mteja anatuletea uzi mgeni. Ndugu yake aliye Ulaya au Amerika amemtumia madonge matatu, mepesi na laini kama manyoya ya kifaranga, naye anasema: "Munifumie kofia na triko ya mtoto."

Uzi huo hauko sokoni kwetu. Ukiharibika au ukiisha katikati ya kazi, hatuna pa kununua mwingine. Mteja atapoteza zawadi yake, na chama kitapoteza jina. Kwa hiyo, mbele ya kuanza, tufanye mambo haya.

Tujue ni uzi gani. Tusome karatasi inayozunguka donge. Tuangalie pia namba ya rangi: madonge yenye namba tofauti yanaweza kuacha mstari kwenye nguo. Kama karatasi imepotea, tukate kipande kifupi, tukiwashe juu ya sahani yenye maji, mbali na watoto. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Uzi wa kiwandani, kama akriliki, huyeyuka na kuacha punje ngumu. Pamba huungua haraka na kunuka kama karatasi.

Tufume kipande cha kujaribu. Kiwe na upana unaozidi kidogo sentimeta 10, kisha tuhesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimeta 10. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa karibu sentimeta 35. Kwa sababu triko hutanuka, kofia tunaifuma sentimeta 34. Tukipata vitanzi 20 kwa sentimeta 10, tutaanza na vitanzi 68. Lakini kama uzi huu unatoa vitanzi 18 tu, vile 68 vitafanya kofia ya karibu sentimeta 38, na itamfunika mtoto macho. Kipande hicho kinachukua saa moja tu. Haraka haraka haina baraka.

Tukifue kipande hicho. Sufu halisi ikikutana na maji ya moto, sabuni na kusuguliwa, nyuzi zake hushikana. Nguo inakuwa ndogo na ngumu, wala hairudi tena. Tutumie maji ya baridi na sabuni kidogo. Tusikamue kwa kusokota. Tuikandamize ndani ya taulo, kisha tuilaze kivulini. Ikianikwa kwenye kamba, uzito wa maji utaivuta.

Tujifunze kwa uzi wa sokoni kwanza. Mohea, uzi unaotoka kwa mbuzi wa Angora, una nywele ndefu zinazoshikana. Ukikosea, kufumua ni taabu, na ukivuta kwa nguvu unakatika. Tumalize makosa yetu kwenye uzi wa kawaida, ndipo tuguse wa mteja.

Tumfikirie atakayeivaa. Uzi wenye nywele zinazotoka haufai kwa mtoto mchanga. Unywele mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mkono au cha mguu na kuzuia damu, na nyingine zinaingia puani na mdomoni. Tumweleze mteja kwa heshima kwamba uzi huo utapendeza zaidi kama shali ya mama, na kofia ya mtoto tuifume kwa uzi usio na nywele. Tuulize pia mtoto ataishi wapi. Hapa kando ya Ziwa Tanganyika kuna joto, na triko nzito itamtesa. Kule milimani, upande wa Minembwe, baridi ni kali, na sufu ni msaada mkubwa.

Tupatane mapema. Tuhesabu madonge mbele ya mteja na kuandika kwenye daftari la chama. Nusu ya uzi ikiisha na kazi haijafika nusu, tusimame na kumwita: labda atakubali mikono mifupi au mstari wa rangi nyingine. Uzi unaobaki ni wake. Tumrudishie pamoja na kile kipande cha kujaribu, na tumfundishe kufua. Nguo iliyofumwa vizuri inaweza kuharibika siku ya kwanza kwenye beseni.

Kwa kikao kijacho, kila mama mwenye uzi asioujua alete kipande chake. Tutakichoma, tutakipima na kukifua pamoja.