Mtwale wa Kimenyi Hakualikwa Ujiji

Pale makumbusho ya Ujiji zimesimama sanamu mbili, Livingstone na Stanley, wakipeana salamu. Nje ipo miembe inayosemwa kuwa ni vizazi vya ule uliowapa kivuli mwaka 1871. Kisa hicho tulikisoma sote shuleni. Mimi kinachonikera ni siku chache zilizotangulia salamu hiyo, kwa sababu siku hizo Stanley alizipitia kwetu Buha, nchi ya Waha.

Alivuka Malagarasi akaingia Kawanga. Mkubwa wa pale akamhakikishia kuwa yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kutoza hongo, yaani ushuru wa njia, upande ule wa Kimenyi. Akalipwa doti 10, doti moja ikiwa kama yadi nne za kitambaa. Msafara haujaenda mbali, wakatokea watu wenye silaha. Mbele yao alikuwa Mionvu, mtwale (mkuu) wa Kimenyi chini ya mwami, mfalme wa Waha; amevaa joho jekundu na kilemba cha merikani mpya kabisa. Akauliza kwa nini mgeni anapita katika nchi ya mwami bila neno wala zawadi. Kwanza alitaka doti 100. Wakavutana, na mwisho Stanley akatoa 75. Kesho yake ndugu wa mwami naye alidai chake, akapewa 26. Stanley alipoambiwa kuwa mbele kuna wakubwa wengine watano, akamwajiri mtu wa kumwongoza kwa doti 12, wakatoroka usiku wa manane kwa njia ya porini. Mwanamke mmoja wa msafara akaanza kupiga mayowe, akazibwa mdomo kwa kitambaa.

Haya yote ameyaandika Stanley mwenyewe, kwa hasira ya mtu aliyeibiwa. Mimi nikimsoma Mionvu namwona mtumishi wa mwami aliyesimama kwenye mpaka wake na kudai ushuru wa nchi. Lakini sura yake tumeachiwa na mtu aliyeikimbia nchi ya Mionvu usiku. Je, Waha wenyewe walimsimuliaje? Zile doti 75 ziligawanywa vipi, na ngapi zilifika kwa mwami?

Kwa Wasukuma, maswali ya namna hii ndiyo aliyoyafanyia kazi Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, huko Bujora karibu na Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Nimemchagua yeye kwa sababu ya utaratibu wake. Alianza kwa wazee. Aliketi nao na kuwauliza juu ya watemi, koo, tiba na ngoma, na alichokisikia hakukiona kuwa ni adui wa imani yake. Kanisa la Bujora lilijengwa la duara kwa kufuata nyumba ya Kisukuma, na kiti cha enzi cha mtemi kikawa mfano wa altare. Makumbusho ya Bujora yalipofunguliwa mwaka 1968, mhunzi na mganga walipewa kila mmoja nyumba yake uwanjani, na ngoma za watemi zikapata banda lao.

Hizo ngoma ndizo kiini cha jambo lenyewe. Serikali ilikuwa imeondoa utemi mwaka 1963. Ngoma ya enzi isiyo na mtemi ingeweza kuozea darini, kuliwa na mchwa, au kuuzwa kwa mpita njia. Bujora zilipata paa, na zilipata watu wa kusema hii ni ya nani, ilipigwa lini, na nani aliruhusiwa kuigusa. Clement alifariki mwaka 1986, na hadi leo vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukutana Bujora kushindana kucheza wakati wa sikukuu ya Bulabo.

Sasa nirudi nyumbani. Tawala za Buha za Heru, Muhambwe na Buyungu nazo zilikuwa na bami (wingi wa mwami) wao na ngoma zao. Heru ilimpata Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala, kisha akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza katika Bunge la Tanganyika. Habari za maziko ya mwami wa Buha na kutawazwa kwa mrithi wake ziliandikwa na W. B. Tripe mwaka 1939, katika jarida la Man la London. Mtoto wa Kasulu akitaka kujua babu zake walimzikaje mwami, atafute maktaba yenye jarida hilo?

Wilaya za Buha zina walimu wastaafu, makatekista, maimamu na vijana wenye simu za kurekodi. Kuanza hakuhitaji jengo. Clement naye alianza na mazungumzo. Ila aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1963 sasa amepita 80. Nani amekwenda kumuuliza, pale Heru au Kibondo, siku ile mwami alipovuliwa madaraka ngoma ilibebwa na nani, ikalala nyumba ipi?