Neno -KALI: Asili Yake na Maana Zake

Kivumishi -kali ni miongoni mwa maneno ya sifa yatumikayo sana katika Kiswahili. Husemwa kisu kikali, mbwa mkali, jua kali, limau kali, mwalimu mkali, sheria kali, kona kali na maumivu makali. Wala hapana aliyekulia katika Kiswahili atakayesita kuelewa hata msemo mmoja katika hiyo. Lakini akiulizwa maana ya -kali peke yake, pasipo jina la kulitangulia, hatakuwa na jibu jepesi. Makusudi ya makala haya ni kueleza neno hili limetoka wapi, maana zake zimeshikamana vipi, na ni kwa kipimo gani maana moja hupambanuliwa na nyingine.

Jambo hili lina uzito zaidi mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kwanza ya nyumbani. Mfano mmoja ni Maretadu, katika nyanda za juu za Mbulu, Mkoa wa Manyara. Lugha ya wenyeji huko ni Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya lugha za Kikushi. Majirani zao Wadatooga husema lugha ya Kiniloti. Na upande wa Singida wako wasemaji wa lugha za Kibantu. Wote hukutana katika Kiswahili: shuleni, sokoni, barazani na hospitalini. Kwa hiyo neno ambalo mtu wa pwani hulielewa bila kufikiri, kwa mtoto wa Maretadu ni neno la kujifunza, na kila maana yake ni somo lake.

I. Umbo la neno

Shina ni -kali, nalo hufuata ngeli ya jina: mtu mkali, watu wakali, mkuki mkali, mikuki mikali, kisu kikali, visu vikali, neno kali, maneno makali, sheria kali, umoja na wingi, upepo mkali. Katika ngeli ya jua na ngeli ya sheria shina husimama bila kiambishi cha kusikika. Hii ndiyo sababu moja iliyowezesha maneno mawili jua kali kuganda na kuwa kama jina moja: nchini Kenya huitwa hivyo mafundi na wachuuzi wafanyao kazi nje, pasipo paa, na hata kazi yenyewe.

Katika shina hili yametoka majina mawili. La kwanza ni ukali, yaani hali ya kuwa -kali, kwa maana zake zote. La pili ni makali, yaani upande wa kisu, panga au shoka ukatao. Nalo halina budi kutofautishwa na kivumishi cha wingi kilichomo katika maneno makali. Makali nayo yamepanuka, kwani watu husema makali ya njaa na makali ya bei, kana kwamba njaa ni chombo kilichonolewa. Kielezi chake ni vikali, kama katika alikemewa vikali.

Tena liko tendo karipia, ambalo husikika pia kama kalipia. Yaelekea nalo ni la ukoo huu. Kiambishi cha zamani -p- hufanya tendo kutokana na neno la sifa: ndicho kilichozaa nenepa kutokana na -nene. Katika Kibemba na Kinyanja tendo -kalipa lipo hadi leo, na miongoni mwa maana zake ni kukasirika. Kiswahili hakikulihifadhi tendo hilo la msingi, bali kimebaki na umbo lake la kutendea, yaani kumsemea mtu kwa ukali.

II. Asili

Neno hili halikuazimwa. Ni la Kibantu tangu asili, na wanaolinganisha lugha hizi hulipa umbo la kale *-kádì. Mabaki yake yameenea mbali. Kibemba kina ubukali, Kinyanja kina ukali, na vyote viwili hutaja hali ya mnyama au mtu wa kutisha. Kizulu kina -bukhali, kisemwacho juu ya chombo kikatacho vizuri. Kitswana kina bogale, na Kisotho kina bohale. Katika lugha hizi mbili neno hutumika kwa kisu kilichonolewa na pia kwa hasira au ushujaa, hata mtu shujaa huitwa mogale kwa Kitswana na mohale kwa Kisotho.

Ushahidi huo wa kusini una thamani kubwa. Wasemaji wa Kiswahili na wa Kitswana wametengana kwa muda mrefu sana, na wala hawakuambukizana maneno ya kila siku. Ikiwa pande zote mbili neno hushika pamoja kukata kwa chombo na uchungu wa moyo, yafaa kudhani kwamba maana hizo mbili zilikuwa pamoja kabla ya kutengana. Basi haielekei kuwa Waswahili wa pwani ndio waliochukua sifa ya kisu wakampa simba. Walilirithi neno likiwa tayari na maana mbili, nao wakaongeza.

Hapo -kali hutofautiana na baadhi ya vivumishi vya lugha nyingine vilivyo mashuhuri kwa safari ndefu ya maana. Neno nice la Kiingereza limetokana na nescius la Kilatini, yaani asiyejua. Katika Kiingereza cha Zama za Kati lilikuwa na maana ya mjinga. Baadaye likawa na maana ya mteuzi, kisha ya jambo jembamba lihitajilo uangalifu. Na tangu karne ya 18 likazoeleka kwa maana ya -zuri, -a kupendeza. Neno hilo lilisafiri na kuacha makazi yake ya kwanza, hata Mwingereza wa leo hamwiti mjinga nice. Neno -kali halikuhama hivyo. Limejenga vyumba vipya, na vile vya kwanza vingali vinakaliwa.

Mfano ulio karibu zaidi ni shina la Kilatini ac-, lenye maana ya ncha. Humo mna acus, sindano, acuere, kunoa, na acetum, siki. Kifaransa kilipata humo aigre, yaani -chachu. Kiarabu nacho kina ḥādd, lisemwalo juu ya kisu na pia juu ya hasira. Lugha zisizo na udugu zimepita njia moja, kwa kuwa mwili wa binadamu ni mmoja: kinachochoma ulimi na kinachokata kidole huhisiwa kwa namna zinazokaribiana.

III. Maana na vinyume vyake

Kamusi hupanga maana za neno kwa nambari. Mpango huo ni wa lazima, lakini humwachia msomaji swali: atajuaje ni nambari gani inayotumika mbele yake? Jibu la kwanza ni jina lililotangulia. Jibu la pili, lililo la hakika zaidi, ni kinyume. Kila maana ya -kali ina kinyume chake, na vinyume hivyo havibadilishani mahali.

Kisu kikali, kinyume chake ni kisu butu.
Mbwa mkali, kinyume chake ni mbwa mpole.
Tembo kali, kinyume chake ni tembo tamu, yaani lililogemwa karibuni, lisilochacha bado.
Harufu kali, kinyume chake ni harufu hafifu.
Baridi kali, kinyume chake ni baridi ya kadiri.
Sheria kali, kinyume chake ni sheria legevu.
Bei kali, kinyume chake ni bei nafuu.

Hakuna asemaye kisu kipole wala mbwa butu. Kwa kipimo hiki huonekana pia kwamba -kali haina maana ya joto, ingawa hutumika sana pamoja na jua. Kama ingekuwa hivyo, baridi kali isingesemeka. Nayo husemwa kila mwaka katika nyanda za Mbulu miezi ya Juni na Julai ifikapo. Kinacholeta jua na baridi pamoja ni kule kupenya mwilini na kuumiza. Hilo ndilo uzi unaoshona maana zote: chenye -kali hupenya. Wembe hupenya ngozi, siki hupenya ulimi, jua hupenya utosi, na jicho hupenya moyo. Methali isemayo kwamba ukali wa jicho washinda wembe imekusanya maana mbili katika jina moja, ukali, na nguvu yake yote imo katika kuzishindanisha.

Kipimo cha kinyume hufichua hata yaliyofichika katika msemo mmoja. Mzazi na mtoto waweza kusema sentensi ile ile, Mwalimu wetu ni mkali, lakini mmoja akasifu na mwingine akalalamika. Mtoto ana kinyume mpole moyoni mwake. Mzazi ana kinyume mlegevu. Kadhalika vijana wamwitapo mwimbaji au mchezaji mkali, hawamaanishi kwamba ana hasira: kinyume chake hapo ni dhaifu, au wa kawaida. Wako wanaoona matumizi hayo kuwa uharibifu wa lugha. Mohale wa Kisotho aonyesha kwamba kumsifu mtu kwa neno hili si jambo geni katika ukoo wake.

La kuangaliwa zaidi ni neno nafuu. Bei kali hupungua ikawa nafuu. Na mgonjwa mwenye maumivu makali, yakipungua, husemwa kwamba amepata nafuu. Kinyume kimoja kinatumikia soko na kitanda cha mgonjwa, kwa kuwa katika mawazo ya msemaji bei nayo huumiza.

IV. Darasani na hospitalini

Kiiraqw kimechunguzwa na wataalamu kwa muda mrefu. W. H. Whiteley, aliyepata kuwa Katibu wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, alitoa maelezo mafupi ya lugha hiyo mwaka 1958. Maarten Mous alichapisha sarufi yake mwaka 1993. Na mwaka 2002 Mous pamoja na Martha Qorro na Roland Kießling walitoa kamusi ya Kiiraqw kwa Kiingereza. Katika Kiiraqw kivumishi hufuata jina, kama katika Kiswahili. Ila jina lenyewe ndilo hubadili mwisho wake ili lipokee kivumishi, ambapo katika Kiswahili alama ya ngeli hukaa juu ya kivumishi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Maretadu ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kushika mkali, kikali, makali na kali kuwa ni neno moja, na kushika kwamba neno hilo moja lina maana nyingi.

Katika shule za msingi za Serikali Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, na katika hisabati mwanafunzi hukutana na pembe kali, yaani pembe iliyo chini ya nyuzi 90, na pembe butu, iliyozidi nyuzi 90 na kupungukiwa na 180. Istilahi hizi zimetungwa vizuri, maana zimechukua kivumishi pamoja na kinyume chake cha asili. Lakini aliyefundishwa kwamba -kali ni -enye hasira hatapata msaada wowote katika jina pembe kali. Aliyeonyeshwa kwanza kisu kikali na kisu butu, kisha akachorewa ncha zake ubaoni, amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Katika tiba jambo ni zito zaidi. Waganga watumiao Kiingereza hupambanua maneno mawili: severe, yaani -liozidi kwa kiasi, na acute, yaani -liokuja ghafla na kwa muda mfupi. Neno hili la pili limetoka katika acuere ile ile ya Kilatini. Kiswahili huelekea kuyafasiri yote mawili kwa -kali. Hata hivyo vinyume vyake si sawa. Kinyume cha kwanza ni -a kadiri, na ndiyo maana hupambanuliwa utapiamlo mkali na utapiamlo wa kadiri, bila utata. Kinyume cha pili ni sugu. Hapo ndipo penye hatari, kwani katika usemi wa kila siku -kali na sugu havipingani: maumivu ya mgongo yaweza kuwa sugu na makali pia. Asomaye kwamba ugonjwa fulani ni mkali ataelewa kwamba umezidi, wala hatajua kwamba mwandishi alitaka kutaja muda. Kwa maana hiyo ya pili yafaa kusema wazi: ugonjwa wa ghafla, au wa muda mfupi.

Vivyo hivyo dawa kali. Mwuguzi asemaye hivyo huenda akakusudia dawa yenye nguvu, ambayo kinyume chake ni hafifu. Mgonjwa aweza kuelewa dawa yenye ladha ya kuchoma, au dawa ya kudhuru tumbo, akaogopa kuimaliza. Mahali kama Haydom, penye hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955 na inayopokea wagonjwa wa lugha nyingi, Kiswahili huwa daraja kati ya mwuguzi na mgonjwa ambao huenda wote wawili hawakukizaliwa. Hapo maneno machache ya kuongeza, kwamba dawa ina nguvu, haidhuru, na imalizwe, hayana gharama yoyote.

V. Mwisho

Yaliyoelezwa yaonyesha kwamba wingi wa maana za -kali si fujo. Neno lilirithiwa na maana zake mbili za kale, ya makali na ya hasira. Likaongezewa nyingine kwa uzi mmoja wa kupenya na kuumiza. Na kila maana ikajipatia kinyume chake. Kutokana na hayo, mtunga kamusi atamfaa msomaji akiandika kinyume mbele ya kila nambari ya maana. Mwalimu atamfaa mwanafunzi akifundisha -kali pamoja na butu, pole, tamu, hafifu, legevu na nafuu, kila kimoja na jina lake. Na mfasiri wa maandishi ya tiba hana budi kujiuliza, kabla ya kuandika -kali, kwamba kinyume anachokikusudia ni -a kadiri ama ni sugu.