Kabla ya kununua samaki, fuga kwanza chakula cha watoto wake

Wiki jana kijana mmoja wa hapa kwetu Takaungu alinijia nyumbani baada ya swala ya alasiri. Anataka kuuza bodaboda yake anunue matangi ya vioo na pampu za hewa, afuge samaki wa mapambo badala ya kupiga mbizi kuwasaka miambani. "Ami, wewe umeweza. Mimi itanishinda nini?"

Nilimwambia boda aiache kwanza. Kisha nikampeleka uani nikamwonyesha ndoo mbili za lita 20 zenye maji ya kijani yanayonuka kidogo. Alitarajia kuona samaki. Nikamwambia samaki ndio kazi rahisi, kazi yenyewe ni hizi ndoo.

Ninaofuga mimi ni klauni wa huku kwetu, yule mweusi mweusi mwenye mistari miwili myeupe, anayeishi ndani ya anemoni. Kumfanya atage si tabu kubwa. Jozi ikishazoea tangi na ikala vizuri, itataga juu ya kigae au kipande cha chungu. Dume huyalinda mayai na kuyapepea kwa mapezi yake, na baada ya wiki moja hivi hadi siku kumi huanguliwa usiku, giza likishaingia. Asubuhi unakuta vijisamaki vya milimita tatu au nne, macho matupu, vinaelea. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa.

Mara yangu ya kwanza walitoka zaidi ya mia mbili. Niliwapa kiini cha yai la kuchemsha, nimekichuja kwa leso. Siku ya pili maji yakanuka, siku ya tatu sikuwa na hata mmoja. Nilidhani ni ugonjwa, kumbe ni njaa. Mtoto wa samaki wa baharini huwinda kwa macho na hula kinachotikisika mbele yake. Akiba aliyotoka nayo kwenye yai ni ndogo, na kinywa chake ni chembamba mno. Anahitaji mnyama aliye hai, mdogo kuliko ncha ya kalamu, na aendaye polepole.

Mnyama huyo ni rotifa, kwa jina la kitaalamu Brachionus plicatilis. Urefu wake ni kama mikroni 100 hadi 300, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Wajapani walimjua kwanza kama msumbufu wa mabwawa yao ya mikunga, kisha katika miaka ya 1960 wakagundua kwamba ni chakula bora cha samaki wachanga. Uzuri wake ni kwamba jike hahitaji dume. Akiwa na joto kama la kwetu na chakula cha kutosha, idadi inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja.

Mimi huchanganya mafungu mawili ya maji ya bahari na moja la maji baridi, maana rotifa huzaana vizuri chumvi ikipungua kidogo. Maji ya mfereji huyaacha kwanza siku nzima na hewa ikipita, klorini itoke. Ndani ya ndoo natia mpira wa hewa unaotoa mapovu makubwa, taratibu. Chakula chao ni mwani usioonekana kwa macho, Nannochloropsis, ninaoukuza kwenye chupa za soda za lita mbili mbele ya taa. Maji ya ndoo yakipoteza ukijani, wana njaa.

Chupa za mwani na ndoo za rotifa zisikaribiane, wala mpira wa huku usiingie kule. Tone moja la rotifa kwenye chupa ya mwani, siku chache baadaye una maji meupe na umepoteza chakula chote. Yamenipata mara mbili.

Kuna watakaokwambia uwape rotifa hamira, ni rahisi. Ni kweli watazaana. Lakini rotifa ni kama mfuko, anachobeba ni kile alichokula, na hamira haina yale mafuta ambayo samaki mchanga anayahitaji. Kizazi changu cha pili kilikula rotifa wa hamira kikashiba, na siku ya nane wakaanza kuanguka mmoja mmoja.

Sasa hesabu, ambayo kijana aliisikiliza kuliko yote. Tangi la watoto la lita 40 linataka rotifa kama kumi kwa kila mililita, yaani 400,000. Ndoo ya lita 20 iliyojaa vizuri, rotifa 100 kwa mililita, ina milioni mbili. Ukivuna robo yake kila siku kwa chujio la mikroni 50 unapata nusu milioni. Ndoo moja basi inatosha, ila kwa nini nina mbili? Kizazi cha tatu kilikufa kwa sababu stima ilipotea usiku mzima, hewa ikakatika, asubuhi ndoo yangu ya pekee ilikuwa imeoza. Sasa nina pampu ya betri, ndoo ya pili chumba kingine, na chupa ndogo ya rotifa kwenye friji, ambako hulala baridi kwa siku kadhaa. Mke wangu ameizoea hiyo chupa, wageni bado.

Baada ya wiki moja hivi watoto huweza kula Artemia wachanga, wakubwa zaidi, ambao mayai yao makavu huanguliwa ndani ya saa 24 katika maji ya chumvi. Hawa si wageni kwetu, walipandikizwa kwenye mabwawa ya chumvi kaskazini mwa Malindi katika miaka ya 1980. Wala jambo hili si la samaki wa mapambo tu. Wafugaji wa mwatiko wa Kilifi na Kwale bado huokota vifaranga baharini kwa nyavu, na anayetaka kuwaangua mwenyewe ataanza na ndoo kama hizi.

Kijana nilimpa chupa mbili, moja ya mwani na moja ya rotifa, na sharti: aziweke hai miezi miwili bila samaki hata mmoja, kisha tuzungumze habari ya boda. Amenipigia simu jana kwamba maji yake yamekuwa meupe. Nimemuuliza mpira wa hewa aliutoa wapi. Akanyamaza.

Kwangu mayai yameshaonyesha macho ya fedha, kwa hiyo ni leo usiku. Naenda kuhesabu ndoo.