Ugwemgongo na Tiba ya Uchipushaji

Tulipofika Mitundu, mkoani Singida, kukusanya maneno ya warina asali, tulipelekwa kwa kijana aliyeanguka kutoka juu ya mti alikotundika mzinga. Miguu yake haina nguvu tangu siku hiyo. Kaka yake alituuliza: "Ndugu zangu, nimesikia redioni kuna tiba ya kufufua uti wa mgongo. Ng'ombe wangapi watatosha?"

Swali hilo lina makosa ya lugha yasiyo yake. Uti wa mgongo hutumiwa kwa pingili za mifupa, kwa ugwe laini upitao ndani ya pingili hizo, na hata katika jina la homa ishambuliayo utando wa ubongo. Pingili ikivunjika, mfupa huunga. Ugwe ukichanika, nyuzi zake hushindwa kuota tena, kwani huzuiwa na kovu pamoja na mabaki ya ala ya mafuta iliyozivika. Mtafsiri asiyetenganisha hayo humfanya mgonjwa atarajie kupona kama aliyevunjika mguu. Twapendekeza uti wa mgongo ubakie kwa mifupa, na ugwe uitwe ugwemgongo.

Seli shina ni istilahi njema. Katika miyombo ya huko mti uliokatwa huchipua kisikini. Nazo seli hizi hugawanyika na kuzaa seli za aina nyingine. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kuwa seli za kawaida za panya zaweza kurudishwa katika hali kama hiyo. Kuanzia mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Keio kilipandikiza seli zilizotokana na ugunduzi huo kwa wagonjwa wanne, wote wakiwa katika majuma machache tu baada ya kuumia. Taarifa ya mwaka 2025 ilieleza kuwa mmoja aliweza kusimama bila kushikwa, na mwingine alipata nafuu. Wawili hawakubadilika sana.

Kwa hiyo hatukuridhika na tiba fufuzi, wala tiba rejeshi. Anayefufuliwa ni maiti, na kirejeshwacho hutarajiwa chote. Twapendelea tiba ya uchipushaji: chipukizi laweza kukua, laweza pia kukauka.

Kaka yule tulimwambia kuwa hayo bado ni majaribio, na kwamba kwa sasa mgonjwa ageuzwe mara kwa mara asipate vidonda.

"Majaribio?" akasema. "Hilo hawakulisema."