Bahari ya mbali, mvua ya Fizi: tujipange namna gani kabla ya sezoni A?

Ndugu wanachama wa koperative, kila mwaka, sezoni A ikikaribia, swali linarudi: mvua itakuwa nyingi ao kidogo? Jibu moja linatoka mbali sana na Baraka, ndani ya maji ya bahari.

Kwenye mstari wa ikweta, upepo wa Bahari ya Pasifiki kwa kawaida unasukuma maji ya moto upande wa Indonesia. Miaka fulani upepo huo unalegea, na maji ya moto yanarudi katikati ya bahari. Hiyo ndiyo El Niño. Pale maji yanapopata moto, hewa inapanda, mawingu makubwa yanajengeka, na joto lao linasukuma hewa ya juu kama jiwe lililotupwa ziwani: mawimbi yanakwenda mbali. Mwaka 1969, mtaalamu Jacob Bjerknes alionyesha kwamba joto hilo la ikweta linagusa hata dhoruba za kaskazini. Mara nyingi, wakati wa El Niño, dhoruba za majira ya baridi zinapata nguvu zaidi kwenye Pasifiki ya kaskazini, karibu na Alaska, na wavuvi wa kule wanateseka.

Na sisi je? Kwetu kuna bahari nyingine ya kuangalia: Bahari ya Hindi. Miaka fulani upande wake wa Afrika unapata moto kuliko kawaida, na upande wa Sumatra unapoa. Hapo hewa yenye maji mengi inasukumwa kwetu, na mvua za Oktoba mpaka Desemba zinazidi Afrika ya Mashariki. Mwaka 1997 El Niño na joto hilo la Bahari ya Hindi vilikuja pamoja, mafuriko yakawa makubwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali, lakini Afrika ya Mashariki haikupata mafuriko kama ya 1997. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ndiyo iliyoleta mvua kubwa. Kwa hiyo, ukisikia "El Niño" kwenye radio, usikimbilie kuamua. Uliza pia: Bahari ya Hindi inasemaje?

Ziwa letu linakumbuka mvua hizo. Tanganyika inatoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Maji yakiingia mengi, yanatoka polepole. Mvua kubwa za 1961 zilipandisha ziwa, na likabaki juu miaka kadhaa. Mwaka 2024 maji yaliingia tena kwenye nyumba za Uvira na Bujumbura. Mkulima wa mpunga ao mboga kando ya ziwa anapashwa kujua hivi: mvua inaweza kukatika, lakini shamba likabaki ndani ya maji.

Lakini tusidanganyane. Utabiri wa sezoni hausemi mto gani utafurika usiku gani. Mwezi wa Mei 2025, mafuriko ya Kasaba, hapa Fizi, yaliua watu wengi usiku, na mwaka huo hakukuwa na El Niño. Mvua ya usiku mmoja mlimani inatosha. Milimita 50 kwenye hekta moja ni litre 500.000 za maji. Kama mlima umeachwa bila miti, maji hayo yanashuka pamoja na udongo na mawe.

Basi, tufanye nini?

1. Mwezi wa nane na wa tisa, komite ifuatilie utabiri wa METTELSAT, na ule wa ICPAC ya Nairobi, unaogusa Burundi na Tanzania, majirani wetu wa ng'ambo.

2. Usiweke mbegu yote bondeni. Gawa: sehemu kando ya Mutambala ao ziwa, sehemu kwenye mteremko. Muhogo unaoza mahali maji yanaposimama; upeleke juu ao kwenye matuta.

3. Chimba mitaro inayokata mteremko, na panda majani ya mifugo kwenye kingo zake. Kazi hiyo ifanywe kabla ya mvua, kwa salongo, si shamba moja moja.

4. Koperative iweke mbegu ya akiba ya maharage na mahindi mahali pakavu. Aliyepoteza sezoni A apate namna ya kupanda sezoni B.

5. Pima mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha. Andika kila asubuhi, saa ileile.

6. Anayelala kando ya mto, mvua ikizidi mlimani usiku, aondoke na watoto. Shamba litalimwa tena.

Bahari hatuiamuru. Lakini inapata moto miezi kadhaa mbele ya mvua kufika kwetu, na miezi hiyo inatosha kuchimba mtaro.