Mpiga Santuri Naye ni Msanii

Barabara itokayo Mombo hupanda milima ya Usambara kwa kona nyingi, hupita Soni penye maporomoko ya maji, kisha hufika Lushoto, mji wa baridi, wa mboga na matunda. Mimi ni mtu wa visiwani, nami nilipanda huko kwa harusi ya jamaa upande wa mke wangu. Jioni wazee walicheza mdumange, ngoma ya Wasambaa, tukafurahi sote. Lakini usiku vijana waliwasha vipaza sauti vyao, na mapigo yakaanza kukimbizana kama mvua ya mawe juu ya bati. Huo ulikuwa muziki wa singeli.

Nakiri mbele ya msomaji kwamba niliudhika. Nikamwendea kijana aliyeketi nyuma ya kompyuta, nikamtaka azime kelele zake. Alisimama, akaniamkia, kisha akasema: "Mzee, hii ni taarabu ya kwenu Unguja. Mimi nimeikimbiza tu." Akairudisha katika mwendo wake wa asili, nami nikautambua mlio wa kinanda uliopigwa katika harusi yangu mwenyewe. Sikuwa na la kujibu. Nilirudi kwenye kiti changu nikitafakari, na makala haya ni matunda ya tafakuri hiyo.

Singeli haikuzuka hewani. Ilizaliwa katika mitaa ya wavuja jasho ya Dar es Salaam, kama vile Manzese na Tandale, na mzazi wake mmoja ni mchiriku, muziki uliochota kutoka ngoma za Wazaramo na kupigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vilivyochoka. Mzazi wake mwingine ni taarabu. Fundi wa singeli huchukua sekunde chache za kinanda cha taarabu, akazizungusha zijirudie bila kukoma, akaongeza ngoma kwa programu ya kompyuta, akapandisha kasi hadi kupita mapigo 200 kwa dakika. Moyo wa mtu aliyetulia hupiga mara 70 hivi kwa muda huo huo. Juu ya mbio hizo husimama mchanaji na maneno yake.

Miongoni mwa mafundi hao yupo Sisso, mwenye studio mtaani Mburahati. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ilitoa mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso, na kwa mkusanyiko huo wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kulijua jina la singeli. Mwaka 2018 Bamba Pana alitoa Poaa. Mwaka 2019 Jay Mitta alitoa Tatizo Pesa, na Sisso mwenyewe akatoa Mateso. Mwaka 2022 ikaja Mr Mixondo ya kijana DJ Travella, na mwaka 2024 Sisso pamoja na mpiga kinanda Maiko wakatoa Singeli Ya Maajabu. Vijana hawa wameitwa kupiga muziki wao katika majukwaa ya ng'ambo, mbele ya watu wasiojua Kiswahili hata neno moja.

Yaliyotokea Mburahati yalikwisha kutokea kwingine. Katika miaka ya 1990 vijana wa London walichukua santuri za muziki wa garage kutoka Marekani, wakaziongezea kasi, wakazirusha kwa redio zisizo na leseni. Mwaka 1999 wimbo wa aina hiyo wa kundi la Artful Dodger, ulioimbwa na Craig David, ulifika nafasi ya pili katika chati ya taifa la Uingereza. Muziki uliokuwa wa vichochoroni ukawa bidhaa ya taifa, na wapiga santuri wakahesabiwa miongoni mwa wasanii.

Nasi visiwani tunayo historia yetu. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikarudi kuenea pwani nzima. Tangu siku hizo swali limebaki lile lile: sauti ikishavuka bahari, nani anakula matunda yake?

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Kijana wa Lushoto hupata ujira wa usiku mmoja. Fundi wa Mburahati kazi yake huuzwa nchi za mbali. Lakini yule mpiga kinanda wa taarabu, ambaye sekunde zake nne ndizo msingi wa jengo lote, hupata nini? Tukisema fundi wa kompyuta ni mwizi, tutakuwa tumemdhulumu, kwa kuwa ameumba kitu kipya. Tukisema mzee wa taarabu hana haki, dhuluma itakuwa kubwa zaidi. Haki haina budi kumfikia kila aliyetia mkono, wa kwanza hadi wa mwisho.

Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2003. Sheria hizo mbili zina ofisi mbili, lakini wimbo mmoja hauulizi mpaka. Taarabu ya Unguja hukimbizwa Mburahati, hutolewa Kampala, husikilizwa Berlin, kisha hurudi kupigwa harusini Lushoto. Kwa hiyo viongozi wa ofisi hizo hawana budi kukaa meza moja na kukubaliana namna ya kuifuata sauti popote iendapo.

Maafisa utamaduni wa wilaya nao wawaandikishe wapiga santuri kama wanavyowaandikisha waimbaji, wawafundishe kusoma mkataba kabla ya kutia saini, na wairekodi mdumange wangali hai wanaoijua. Na vijana wasikie pia: matusi katika nyimbo na makelele ya usiku wa manane huwapa adui zenu silaha. Fundi mwema huilinda kazi yake kwa adabu.

Alfajiri, nilipokuwa nikielekea msikitini, nilimkuta yule kijana akikunja nyaya zake kwenye ukungu. Nilimuuliza kama anamjua aliyepiga kinanda kile cha taarabu. "Simjui mzee," alijibu, "lakini ningependa kumjua." Kazi ya kuwajulisha hao wawili ni yetu sisi tulio ofisini.